Randa kwa Seremala: Cara na Wasomi Waliofukuzwa Kwao, 1933 hadi Leo

Pauni 182 kwa mwaka kwa asiye na mke wala mume, pauni 250 kwa mwenye familia. Hicho ndicho kiwango walichokubaliana wakubwa wa elimu wa Uingereza mwaka 1933, walipokaa kuamua profesa aliyefukuzwa Ujerumani apewe nini ili asife njaa. Fedha hiyo haikuwa ya kutanua. Ilitosha pango la nyumba, chakula cha kawaida na nauli ya kwenda maktaba au maabara. Lakini aliyeipokea hakutakiwa akafagie barabara wala kuosha vyombo hotelini. Alitakiwa aendelee na utafiti ule ule aliouacha mezani Berlin, Freiburg au Göttingen.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakusema kama mgeni huyo ni seremala apewe randa. Shirika linaloitwa Cara, lenye makao yake London, limeishi zaidi ya miaka 90 kwa ajili ya huo mstari waliousahau wahenga.

Lilianza Mei 1933 kwa jina la Baraza la Kusaidia Wanataaluma. Mwaka 1936 likawa Jumuiya ya Kulinda Sayansi na Elimu, jina lililodumu zaidi ya miaka 60. Mwaka 1999 likageuzwa kuwa Baraza la Kuwasaidia Wanataaluma Wakimbizi, na mwaka 2014 neno “wakimbizi” likaondolewa, likawekwa “walio hatarini”, maana siku hizi wengi huomba msaada wakiwa bado hawajavuka mpaka. Majina yamebadilika mara tatu. Kazi ni ile ile.

Chanzo chake ni karatasi moja. Tarehe 7 Aprili 1933, miezi miwili na siku chache tangu Hitler ashike ukansela, serikali yake ilipitisha sheria yenye jina la kupendeza, la kurejesha weledi katika utumishi wa umma. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa vya serikali, na profesa alikuwa mtumishi wa umma sawa na karani wa posta. Kwa hiyo kalamu moja ilitosha kumwondoa kila mwalimu wa asili ya Kiyahudi na kila aliyeshukiwa kwa siasa zake. Waliopigana Vita vya Kwanza waliachwa kwa muda. Muda huo haukuwa mrefu.

Mwanafizikia mmoja kutoka Hungaria, Leo Szilard, hakungoja sheria. Alikuwa Berlin, na masanduku yake mawili yalikaa tayari chumbani. Mwishoni mwa Machi alipanda treni ya kwenda Vienna, akakuta mabehewa yana nafasi tele. Siku iliyofuata treni ya njia hiyo hiyo ilijaa pomoni, ikasimamishwa mpakani, na abiria wakahojiwa mmoja mmoja. Szilard alipenda kukisimulia kisa hicho mpaka uzee wake: hapa duniani huhitaji kuwa na akili kuliko wenzako, inatosha kuwatangulia kwa siku moja.

Huko Vienna, katika wiki hizo hizo, alikuwapo William Beveridge, mkurugenzi wa chuo cha uchumi cha London, ambaye baadaye ripoti yake ya 1942 ingeweka msingi wa hifadhi ya jamii Uingereza. Alikuwa mkahawani na wachumi wawili, Lionel Robbins na Ludwig von Mises, wakisoma gazeti la jioni. Mle gazetini mlikuwa na majina ya maprofesa waliofukuzwa. Beveridge aliyafahamu baadhi ya majina hayo. Szilard naye akamtafuta, akamkalia kooni: lazima pawepo na chombo, na kiwe Uingereza. Beveridge aliporudi London, wenzake chuoni walikubali kukatwa sehemu ya mishahara yao, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya mfuko.

Waraka wa kuomba msaada ulitoka Mei. Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo Ernest Rutherford, aliyefungua siri ya kiini cha atomu na sasa akawa rais wa Baraza, mchumi John Maynard Keynes, na A. E. Housman, mshairi na bingwa wa Kilatini. Ni waraka wa watu waangalifu mno. Hauwalaani Wanazi, wala haufanyi suala hilo kuwa la Wayahudi peke yao. Unasema tu kwamba haja yao ni kupunguza mateso na kutetea elimu. Msomaji wa leo anaweza kuuona woga. Mimi nauona ujanja wa watu waliojua wanasema na nani: mwaka huo Uingereza ilikuwa na watu karibu milioni 3 wasio na kazi, na kila mgeni aliyeshuka melini alitazamwa kama mtu aliyekuja kumnyang’anya mwenyeji mkate. Ndiyo maana Baraza liliweka sharti tangu siku ya kwanza kwamba fedha zake zisitoke katika bajeti za vyuo, na mgeni asichukue nafasi ambayo ingempata kijana wa Kiingereza. Alipewa ruzuku na meza pembeni ya maabara ya mtu mwingine, kisha akasubiri.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili vidogo vya darini katika jengo la Burlington House, mtaa wa Piccadilly, kwa hisani ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Katibu alikuwa mhadhiri wa historia, Walter Adams. Lakini aliyeifanya ofisi iwe ofisi alikuwa msaidizi wake, Esther Simpson, aliyeanza kazi Julai 1933.

Alizaliwa Leeds mwaka 1903, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka upande wa Baltiki. Jina la ukoo walilokuja nalo lilikuwa Sinovitch. Alisomea Kifaransa na Kijerumani chuo kikuu akatoka na daraja la kwanza. Alikuwa akifanya kazi Geneva alipoitwa London kupitia Szilard, kwa mshahara mdogo kuliko aliokuwa akiupata. Alipenda fidla yake, akaipiga mara kwa mara na wakimbizi aliowahudumia, maana wengi wao walikuwa wapigaji wazuri. Wenyewe walimwita Tess. Hakuolewa, na alizoea kusema kwamba wakimbizi wale ndio watoto wake. Alikaa katika kazi hiyo, kwa vipindi vya kulipwa na vya kujitolea, mpaka miaka ya 1970, akafariki 1996.

Faili zake sasa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, na ni humo ndimo inapoonekana namna shirika lilivyofanya kazi. Kila mwombaji alijaza fomu. Umri, ndoa, watoto. Cheo alichofukuzwa na mshahara aliokuwa nao. Lugha anazosema, na lugha anazoweza kufundishia. Orodha ya machapisho. Majina ya wanasayansi wa nje wanaoijua kazi yake. Kisha maswali mengine yaliyokuwa mazito kwa mtu aliyezoea kusikilizwa ukumbini: uko tayari kwenda nchi za joto? Mashariki ya Mbali? Amerika ya Kusini? Urusi ya Kisovieti? Msomi wa sheria za Kirumi, mwenye miaka 50 na vitabu sita, alitakiwa atie alama kwenye mraba kama anaweza kuishi kwenye joto.

Baada ya fomu zilifuata barua. Tess aliwaandikia waliotajwa kama wadhamini, akauliza bila kuzunguka: mtu huyu ni hodari kweli, au ni wa wastani? Majibu yalikuja, mengine marefu na ya upole, mengine makavu. Majibu hayo ndiyo yaliyoamua. Aliyesifiwa na wakubwa alipata ruzuku na akatafutiwa chuo. Aliyesemwa kuwa mfanyakazi mzuri tu, asiye na la ajabu, faili lake lilibaki na shukrani na masikitiko. Hadi mwisho wa vita, zaidi ya wasomi 2,500 walikuwa wameandikishwa. Sehemu yao tu ndio waliopata fedha mkononi. Wengine walisaidiwa kwa barua, kwa utambulisho, au kwa tiketi ya kwenda mbele.

Na wengi walikwenda mbele. Uingereza haikuwa na vyuo vya kutosha, kwa hiyo London ikawa kituo cha kubadilishia treni. Kulikuwa na kamati kama hiyo New York. Zürich kulikuwa na chama cha wasomi Wajerumani wenyewe walio uhamishoni, kilichoanzishwa na daktari Philipp Schwartz, ambaye Julai 1933 alikwenda Ankara akazungumza na serikali ya Atatürk na kurudi na nafasi takriban 30 za uprofesa. Chuo Kikuu cha Istanbul kikafunguliwa upya mwaka huo na maprofesa ambao Ujerumani iliwaona takataka.

Oktoba 3, 1933, watu wapatao 10,000 walijaa Royal Albert Hall kumsikiliza Albert Einstein kwenye mkutano wa kuchangisha fedha. Szilard hakuwa mtu wa majukwaa. Kiangazi chote alikuwa akilifanyia Baraza kazi bila malipo, na Septemba, akivuka barabara ya Southampton Row taa zikibadilika, wazo la mmenyuko mfululizo wa nyuklia lilimjia kichwani. Mtu aliyekuwa akihangaika kuwatafutia wenzake vibarua alikuwa amebeba mfukoni wazo la bomu la atomu. Historia ya taasisi hii ina sehemu nyingi za namna hiyo, ambazo mwandishi hajui azitie kwenye hesabu ya faida au ya hasara.

Hesabu ya faida ni rahisi kuitaja, na Cara yenyewe huitaja kila inapoomba mchango: kati ya waliosaidiwa katika kizazi cha kwanza, 16 walikuja kupata Tuzo ya Nobeli, 18 wakapewa cheo cha “Sir”, na zaidi ya 100 wakawa wanachama wa Royal Society au British Academy. Hans Krebs alifukuzwa Freiburg Aprili 1933, na kabla ya Juni kwisha yuko Cambridge. Mwaka 1937, akiwa Sheffield, aliandika kuhusu mzunguko wa kemikali ambao kwa huo seli hupata nguvu kutoka katika chakula, ule ambao leo kila mwanafunzi wa biolojia wa kidato cha tano huukariri kwa jina lake. Jarida la Nature liliukataa mswada wake kwa kukosa nafasi. Alipewa Nobeli 1953.

Lakini mimi, nikiulizwa nimchague mmoja, sitamchagua mwenye Nobeli. Nitamchagua Ludwig Guttmann.

Guttmann alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mmoja wa mabingwa wa Ujerumani, na baada ya 1933 aliruhusiwa kutibu Wayahudi tu, katika hospitali ya Kiyahudi ya Breslau. Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yalipochomwa, aliamuru kila mwanamume atakayebisha hodi hospitalini alazwe bila kuulizwa. Asubuhi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walikuja kuuliza wagonjwa wametoka wapi wengi hivyo. Guttmann alipita nao kitanda kwa kitanda, akibuni ugonjwa kwa kila mmoja, na wengi wakaokoka. Mwezi uliofuata Wanazi wenyewe walimpa ruhusa kwenda Ureno kumtibu rafiki wa Salazar, mtawala wa nchi hiyo. Akirudi alipitia London, na huko akaambiwa na Jumuiya kwamba viza yake na ya familia imeshapatikana. Machi 1939 wakashuka melini Harwich: yeye, mke na watoto wawili. Walipewa pauni 250.

Akawekwa Oxford, na hapo ndipo randa ilipokosekana. Alifanya utafiti, alisoma, alitoa mihadhara, lakini hakuwa na wodi. Madaktari wa Kiingereza, kupitia chama chao, walikuwa wameweka uzio mrefu. Daktari mkimbizi alionekana mshindani. Bingwa wa upasuaji aliyekuwa na wodi nzima Ujerumani alikaa takriban miaka mitano akitazama wagonjwa wa wenzake. Vita ndivyo vilivyomfungulia. Februari 1944 serikali ilimpa kitengo kipya cha waliovunjika uti wa mgongo, hospitali ya Stoke Mandeville, kazi ambayo hakuna aliyeitaka kwa kuwa wagonjwa hao walihesabiwa wafu watarajiwa. Guttmann aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili wasipate vidonda, na mara nyingine alizunguka mwenyewe usiku kuhakikisha wauguzi wamefanya hivyo. Kisha akawapa mipira na pinde. Julai 29, 1948, siku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walio kwenye viti vya magurudumu walishindana kulenga shabaha kwa mshale kwenye nyasi za hospitali. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Paralimpiki.

Huyo alipata kazi yake, ingawa alicheleweshwa. Wengi hawakuipata. Kufikia 1939 wanawake wapatao 20,000 walikuwa wameingia Uingereza kwa viza za utumishi wa nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo wenye shahada, waliopika na kudeki kwenye nyumba za watu ambao pengine hawakuwa wamesoma nusu ya walivyosoma wao. Hawakupita kwenye dari la Burlington House. Jumuiya ilikuwa ya wasomi waliokwisha kuthibitishwa na wasomi wenzao, na katika vyuo vya Ujerumani vya wakati huo wanawake wenye nafasi kama hizo walihesabika. Chujio lililowatoa washindi 16 wa Nobeli ndilo hilo hilo lililomwacha nje mwalimu wa sekondari, mhandisi wa manispaa na muuguzi. Taasisi inapoadhimisha siku yake ya kuzaliwa, si rahisi kuwataja hao. Lakini faili za walioomba wakakataliwa pia zimo Oxford, na baadhi huishia kwenye barua moja isiyojibiwa kutoka upande wa pili wa mpaka.

Mwaka 1940 ulikuwa mwaka mbaya. Ufaransa ilipoanguka, Uingereza iliingiwa na hofu ya wapelelezi, ikawakusanya wanaume wenye uraia wa Ujerumani na Austria bila kuchagua, Wayahudi waliomkimbia Hitler wakiwemo. Takriban watu 27,000 waliwekwa kizuizini, wengi kwenye kisiwa cha Man, katika nyumba za wageni zilizozungushiwa seng’enge. Wengine walisafirishwa kwenda Canada na Australia. Max Perutz, kijana aliyekuwa akichunguza umbo la himoglobini Cambridge, alijikuta Quebec nyuma ya waya. Tess, ambaye Jumuiya yake ilikuwa imehamia Cambridge kwa ajili ya vita, aliketi akaandaa kesi ya kila mtu aliyemjua, zaidi ya 500, na kuzipeleka Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia kamati za Royal Society na taasisi nyingine. Faili lililofunguliwa 1933 ili kumtafutia mtu kazi sasa lilikuwa ushahidi kwamba huyo si jasusi: haya hapa machapisho, hawa hapa wanaomjua, hii hapa tarehe aliyofukuzwa na Hitler. Wanaume wakaanza kutoka, wengine wakapelekwa moja kwa moja kwenye utafiti wa vita. Perutz alipata Nobeli 1962.

Baada ya 1945 wengi walidhani kazi imekwisha. Kwa miaka mingi Jumuiya ilikuwa Tess, mashine ya taipu na akiba ndogo benki. Ilishughulikia waliotoka Ulaya Mashariki, hasa Chekoslovakia baada ya 1968, na Chile baada ya mapinduzi ya 1973. Na Afrika ikaingia kwenye faili.

Iliingia pia kwa mlango wa ajabu. Walter Adams, katibu wa kwanza, alipelekwa Salisbury, Harare ya leo, mwaka 1955 kuongoza Chuo Kikuu cha Rhodesia na Nyasaland, akawa angali huko wakati Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe, alipojitangazia uhuru. Alipoteuliwa kuongoza chuo cha Beveridge cha London, wanafunzi waliandamana mwaka 1967 wakidai kwamba hakuwatetea vya kutosha wahadhiri na wanafunzi waliokamatwa Salisbury. Mtu aliyetumia ujana wake kuwaokoa wasomi dhidi ya serikali ya kibaguzi alikuwa anashtakiwa kwa kunyamaza mbele ya nyingine. Alibaki mkurugenzi hadi 1974. Ugomvi ule haukupata mshindi.

Mwafrika anayetajwa zaidi katika historia ya shirika ni Albie Sachs, wakili wa Cape Town, aliyewekwa katika chumba cha peke yake bila kushtakiwa kwa sababu ya kuwatetea wapinzani wa ubaguzi. Alipofika Uingereza 1966 Jumuiya ilimsaidia kusoma shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sussex. Mwaka 1977 alihamia Maputo, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Aprili 7, 1988, makachero wa Afrika Kusini walitega bomu garini mwake. Alipoteza mkono wa kulia na uwezo wa kuona wa jicho moja. Jumuiya ikamsaidia mara ya pili. Mwaka 1994 Mandela alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, na alikuwa miongoni mwa waliosimamia jengo la mahakama hiyo kujengwa kwa matofali ya gereza la zamani la Johannesburg.

Tangu 2006 kazi imerudi kuwa kubwa kama ya mwanzo. Baada ya wahadhiri wa Baghdad kuanza kuuawa mmoja mmoja, Cara ilifungua mpango wa Iraki. Zimbabwe, uchumi ulipoporomoka na wahadhiri wakahama kwa mamia, ilijaribu njia nyingine: badala ya kuwatoa waliobaki Harare, iliwaunganisha kwa intaneti na Wazimbabwe wenzao walio ughaibuni ili mihadhara isikatike. Kisha Syria, kisha Afghanistan Agosti 2021, maombi yalipomiminika kwa siku chache kuliko ilivyozoea kuyapokea kwa miezi, kisha Ukraine. Vyuo na taasisi za Uingereza zaidi ya 120 sasa zimo kwenye mtandao wake. Chuo humpa mtafiti nafasi na kusamehe ada, Cara hushughulikia viza, nauli, na familia. Fomu bado ipo. Barua kwa wadhamini bado zinaandikwa.

Chujio nalo bado lipo. Kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, Kenya, wako walimu, wakunga na mafundi wenye vyeti kutoka Sudan Kusini, Somalia na Kongo, ambao kwa kazi ile ile anayofanya mwenzao raia hulipwa posho tu. Hawana Rutherford wa kuwatilia sahihi, na Cara haikuundwa kwa ajili yao. Lakini fomu ya Tess, ile ya kuuliza mtu anajua nini kabla ya kuuliza anahitaji nini, haihitaji profesa ili ijazwe.

Cara husema kwamba lengo lake ni mtu arudi kwao akajenge upya, ikiwezekana. Kizazi cha 1933 hakikurudi, isipokuwa wachache. Waliokuja na masanduku mawili walizikwa Cambridge, Oxford na Sheffield. Sachs alirudi. Wasyria waliopata nafasi kupitia mpango wa Cara walianza kujiuliza swali hilo la kurudi Desemba 2024, Assad alipoangushwa, wakiwa na watoto waliokwisha kuanza shule kwa Kiingereza.